Skrini iliyocheza kila radi ikipiga: kisa cha steshenari moja Bukoba

Malalamiko yalikuwa hivi. Steshenari iliyo karibu na shule ya sekondari mjini Bukoba, kompyuta moja ya mezani, na skrini ambayo kwa maneno ya mwenye duka "inacheza kila radi ikipiga". Mama huyo alikuwa ameshatoa pesa mara mbili kabla ya kunipigia simu. Fundi wa kwanza alifomati kompyuta na kuweka Windows upya. Wa pili alimwambia monita imechoka, naye akanunua nyingine ya mtumba mwezi wa sita. Ikatulia. Julai kimya, Agosti kimya. Mvua za vuli zilipoanza kushika, monita ya pili nayo ikaanza yale yale.

Maelezo hayo mafupi yana uzito kuliko vipimo vingi. Windows mpya haikubadili kitu, kwa hiyo programu haihusiki. Monita mbili, za kampuni tofauti na umri tofauti, zinafanya kosa moja, kwa hiyo kosa kubwa haliko ndani ya monita. Na ule utulivu wa Juni hadi Agosti haukuwa kupona, kwani hiyo ndiyo miezi mikavu ya Bukoba. Monita ilibadilishwa kiangazi, ikasifiwa kiangazi, na hakuna aliyeijaribu katika hali inayoleta tatizo.

Bukoba si mahali pa kuchukulia mvua kwa mzaha. Mji uko ukingo wa magharibi wa Ziwa Victoria na hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ziwa lenyewe ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Usiku upepo wa nchi kavu hutoka kingo zote na kukutana juu ya maji yenye joto, mawingu yanapanda, na kuelekea alfajiri yanasukumwa upande wa magharibi, yaani upande wetu. Ndiyo maana dhoruba nyingi zinaufikia mji asubuhi, wakati maduka yanafunguliwa na wanafunzi wamejipanga dirishani wakisubiri fotokopi. Foleni hiyo ina nafasi yake katika kisa hiki.

Inacheza vipi?

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi. Karibu, mgonjwa wako huyu hapa."

"Ikicheza, inakuwaje hasa?"

"Inacheza tu. Inazima, inawaka, mara mistari mistari. Radi ikipiga tu, basi."

Jibu hilo lina matatizo matatu tofauti ndani yake, na fundi anayeyachukua kama moja atabadilisha vifaa mpaka mteja afilisike. Skrini ikizima kabisa kisha ikarudi ikianza na nembo ya kampuni iliyoitengeneza, maana yake monita ilikosa umeme ikajiwasha upya. Ikizima na kurudi na ujumbe kwamba hakuna mawimbi ya picha, basi umeme upo lakini picha haifiki: tazama kebo, tazama kadi ya picha, tazama kama kompyuta yenyewe imezima. Picha ikibaki pale pale lakini mistari ikapita juu yake au ikatetemeka, kuna kitu kinaingia ndani ya kebo ya picha. Kuna na hali ya nne, mwanga kufifia bila picha kupotea, ambayo mara nyingi ni taa za nyuma ya kioo zinazochoka, lakini hapa haikuwepo.

Mama hakukumbuka nembo wala ujumbe, na sikutarajia akumbuke. Mtu anayeandika barua ya mteja huku bati linapigwa na mvua hatazami nembo. Kwa hiyo nilimwomba binti anayehudumu dukani aegemeze simu kwenye kaunta na kurekodi video kila mawingu yanapotanda, simu imeelekea skrini, na dirisha lionekane pembeni. Dirisha ni muhimu, kwa sababu linaonyesha mwako wa radi nje. Sauti nayo ni muhimu zaidi ya watu wanavyodhani.

Wakati huohuo nilimkataza jambo moja: asiguse waya, plagi wala kebo yoyote wakati wa radi kwa lengo la kujaribu. Mimi pia sifungui kitu wala kupima wakati wa radi, hata mteja akisisitiza kwamba ndipo tatizo linapoonekana.

Video zilisema nini

Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ngurumo ya radi iliyopiga kilomita moja inafika baada ya sekunde tatu hivi. Mwanga unafika papo hapo, na mtikisiko wa umeme kwenye nyaya karibu papo hapo. Kama radi ndiyo inayochezesha skrini, skrini itacheza pamoja na mwako wa dirishani, kisha ngurumo ifuate. Isipofanya hivyo, radi inasingiziwa.

Ilisingiziwa sehemu kubwa. Katika video za binti, mistari ilipita kwenye skrini sawia na mwako wa dirishani, sehemu ya sekunde tu, bila kuzima. Hilo ni la radi kweli. Kule kuzima kisha kurudi na nembo kulitokea mara chache pamoja na mwako. Mara nyingi zaidi kulitokea bila mwako wowote, na kila mara kabla yake bati lilikuwa linagonga kwa upepo. Na kwenye baadhi ya hizo, mlio wa fotokopi ulikuwa unasikika nyuma yake.

Hapo ndipo mkanganyiko ulipo katika visa vya aina hii. Mtu akisema "mvua ya radi" anataja vitu vinne vinavyofika kwa pamoja: radi yenyewe, upepo, maji, na watu waliokimbilia ndani. Kila kimoja kina njia yake ya kuifikia skrini. Upepo unatikisa nyaya za juu. Maji yanaingia kwenye maungio. Watu wanaongeza matumizi, na kwenye steshenari mvua inaleta wateja kwa sababu anayejikinga chini ya baraza anakumbuka kwamba alikuwa na cheti cha kutoa nakala. Radi ndiyo yenye kelele, kwa hiyo inalaumiwa kwa yote.

Zile mara chache ambazo skrini ilizima pamoja na mwako zina maelezo mepesi. Mkoa wa Kagera kwa miaka mingi umepata umeme wake kutoka Uganda, kwa laini ya kilovolti 132 inayotoka Masaka hadi Kyaka, kisha unasambazwa kwa laini ndefu zinazopita vilimani. Radi ikipiga laini au karibu nayo, umeme unaruka juu ya vikombe vya kauri vinavyoshikilia nyaya, na voti za eneo zima zinaporomoka kwa sehemu ya sekunde mpaka kinga ya laini ikate na kurudisha. Radi hiyo inaweza kuwa mbali kiasi kwamba dukani hutaisikia. Hakuna fundi wa mtaani anayeweza kuizuia. Anachoweza ni kuandaa vifaa viivumilie.

Swali lililobaki likawa la upepo.

Monita ilichomekwa wapi

Kabla ya kutoa multimita nilifuata kebo kwa mkono, kutoka nyuma ya monita mpaka ukutani. Duka lilikuwa na UPS ndogo chini ya meza, yaani kile kiboksi chenye betri kinachoshikilia vifaa umeme ukikatika, nzima, betri yake ina nguvu. Kompyuta ilichomekwa humo. Monita haikuchomekwa humo. Matundu ya nyuma ya UPS ile si ya plagi ya pini tatu bapa tunayotumia majumbani, ni yale madogo yanayotaka kebo maalum ya kuunganishia, na dukani ilikuwepo moja tu. Aliyeifunga aliipa kompyuta kebo hiyo, na monita akaipeleka kwenye ekstensheni ya ukutani pamoja na fotokopi, mashine ya laminesheni na chaja za simu.

Hiyo inaeleza kwa nini kompyuta haikuwahi kuzima hata siku moja wakati skrini inazima, jambo lililomfanya fundi wa pili ailaumu monita. UPS ya aina hii hubadili kutoka umeme wa ukutani kwenda betri kwa milisekunde chache, kwa kawaida chini ya 10, na pawa saplai nzima, kile kiboksi kinachoilisha kompyuta umeme, huweza kushikilia milisekunde 16 hivi bila kulishwa. Kompyuta haikugundua kitu. Monita, iliyokuwa nje ya ulinzi huo, ilibeba kila mtikisiko. Wimbi moja la umeme wa hezi 50 huchukua milisekunde 20. Monita nzima huweza kuvumilia pengo la kiasi hicho, lakini pengo likirefuka inajizima na kujiwasha.

Fundi mwenye haraka angenunua kebo ya UPS, akachukua hela yake na kuondoka, na mama angefurahi. Lakini umeme unaoshuka kila upepo ukivuma una sababu, na sababu hiyo mara nyingi ni moto unaosubiri mahali fulani.

Vipimo siku ya jua

Tatizo la dhoruba unalipimaje pasipo dhoruba? Upepo huwezi kuuagiza, radi huwezi. Matumizi makubwa unaweza. Fotokopi inapopasha roli yake ya joto huvuta takriban wati 1,300, chini kidogo ya ampea 6. Kwa hiyo fotokopi ikawa kifaa changu cha kupimia.

Ikiwa imezimwa, ukutani palikuwa na voti 231. Ilipoanza kupasha, voti zikashuka hadi 212. Kwenye mein swichi, hatua chache kutoka mita ya LUKU, zilishuka hadi 214. Hesabu ni nyepesi: kati ya voti 19 zilizopotea, 2 tu zilipotelea kwenye nyaya za duka, na 17 zilipotea kabla umeme haujafika kwenye mein swichi. Kwa mzigo wa kawaida kama huo hiyo ni nyingi mno. Kuna mahali huko nje waya haujashikana vizuri.

Waya upi? Hapa niligonga fimbo ya muda ardhini, kwenye bustani yenye udongo mbichi nyuma ya jengo, kwa sababu ethi ya jengo lenyewe, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini, ilikuwa haiaminiki: fimbo ipo, lakini waya wake ulikuwa umekatika kwa kutu chini kidogo ya plasta. Nikapima kati ya nyutro, yaani waya unaorudisha umeme, na fimbo ile. Bila mzigo, karibu voti 1. Fotokopi ikipasha, voti 14. Nyutro yenye afya haipandi hivyo. Sehemu kubwa ya upotevu ilikuwa kwenye nyutro, na kwa kuwa nyaya za ndani zilikuwa zimeshajieleza, kilichobaki ni ungio la nguzoni.

Ushahidi wa majirani ulikubaliana na hilo. Jengo lina fremu tatu zinazotumia mita moja. Dada wa saluni, nilipomuuliza kama umeme wake una tabia yoyote, alijibu bila kufikiri kwamba draya yake "inaishiwa pumzi" upepo ukivuma. Wakala wa pesa za simu hakuwa na lolote la kulalamika, lakini yeye ana simu na taa tu. Duka la ng'ambo ya barabara, lenye waya wake kutoka nguzo nyingine, halikuwa na shida yoyote.

Mafundi waliotangulia waliulizia taa, wakaambiwa taa haziyumbi, wakaondoa umeme kwenye orodha yao. Swali lilikuwa sahihi miaka 20 iliyopita. Taa za LED za siku hizi zina sakiti ndani inayolisha mwanga kiasi kile kile hata voti zikishuka sana, nyingine zimeandikwa kwenye boksi kwamba zinafanya kazi kuanzia voti 85 hadi 265. Taa kama hiyo haiwezi kukusimulia chochote. Mimi natembea na balbu moja ya zamani, ile ya waya unaong'aa, pamoja na holda yake. Inakula umeme na inatoa joto la bure, lakini voti zikishuka kidogo tu mwanga wake unafifia mbele ya macho yako.

Balbu hiyo ilikuwa na kazi ya pili, nzito kuliko ya kwanza. Niliiacha imewaka na kumwomba binti aitazame upepo ukija: inafifia tu, au kuna wakati inang'aa kupita kawaida? Nyutro mbovu kwenye waya unaoingia jengo moja hushusha voti. Nyutro mbovu kwenye laini kuu inayotoka transfoma, ambapo nyumba zimegawanywa kwenye fezi tatu, yaani nyaya tatu zinazoleta umeme, ni jambo jingine: nyumba zenye mzigo mkubwa zinapata umeme mdogo, na zenye mzigo mdogo zinaweza kupandishiwa voti kuelekea 400. Hapo friji na televisheni za mtaa zinaungua kwa pamoja. Balbu iking'aa kupita kiasi, unazima mein swichi kwanza na maswali yanafuata baadaye. Yetu ilififia tu. Hatari ilikuwa ya jengo letu peke yetu.

Nguzoni

Kutoka mita hadi nguzo ni mali ya shirika la umeme, na fundi wa nyumba hana ruhusa ya kupanda huko hata kama ana ngazi na ujasiri. Mama alitoa taarifa, na nilimsaidia maneno: badala ya "umeme unasumbua", aseme nyutro ya waya unaoingia nyumbani imelegea nguzoni, voti zinashuka mzigo ukiwashwa na upepo ukivuma. Taarifa yenye maneno hayo inamfanya anayekuja aje na klampu mkononi.

Walichokuta ni waya wa shaba uliosokotwa moja kwa moja juu ya waya wa alumini. Shaba na alumini zikigusana penye unyevu, alumini inaliwa, na ule ukoko unaobaki haupitishi umeme vizuri. Ungio linapata joto mzigo ukiwepo, linapoa mzigo ukiondoka, linalegea zaidi kila mzunguko. Upepo ukilitikisa, linaachia kwa sehemu ya sekunde na kushika tena. Sehemu ya nyuzi zilikuwa zimekatika na zilizobaki zimeungua nyeusi. Klampu maalum ya kuunganisha metali hizo mbili ikawekwa. Nilipowasha fotokopi tena, voti kwenye mein swichi zilishuka hadi 226 na kubaki hapo.

Nisichomuuzia mama ni stabilaiza, ingawa muuzaji mmoja alikuwa ameshampa bei. Stabilaiza inapandisha voti zilizoshuka kwa kuvuta ampea zaidi kutoka kwenye waya ule ule. Ukiifunga nyuma ya ungio bovu, unaliongezea joto ungio, na zile rilei zake zinazolia tik-tik kila voti zikiyumba zinaongeza mtikisiko wake zenyewe. Kwenye nyumba ambayo umeme ni mdogo kwa sababu transfoma iko mbali, ni kifaa cha maana. Hapa kingeficha kosa na kulikuza.

Mistari

Ilibaki ile mistari inayopita na mwako wa radi. Kompyuta ilikuwa chumba cha nyuma, monita kaunta ya mbele, na kati yao kebo ya picha, ya aina ya VGA, ya mita 10 iliyopita juu ya dari, chini ya bati, imefungwa pamoja na nyaya za umeme. Radi inapopiga karibu, uwanja wake wa sumaku unaingiza voti ndani ya waya wowote mrefu, na kebo ya VGA hubeba rangi za picha kwa voti isiyofika hata 1. Haihitaji kiasi kikubwa kuharibu picha hiyo.

Kulikuwa na jambo la kuongezea. Ekstensheni iliyolisha monita ilikuwa na pini tatu kwenye plagi lakini waya wake una nyuzi mbili tu, bila ethi. Njia pekee ya ethi kwa monita ilikuwa ganda la kebo ya VGA, kwa hiyo kila kelele ya umeme wa duka ilipita sambamba na picha. Ekstensheni hiyohiyo ilikuwa na kitaa chekundu cha kudai kwamba inakinga dhidi ya radi. Kinga ya aina hiyo inategemea ethi kwa sehemu kubwa ya kazi yake, na ethi haikuwepo kwenye ekstensheni wala kwenye jengo.

Matengenezo yakawa ya mpangilio kuliko ya vifaa. Kompyuta ililetwa chini ya kaunta, kebo ya VGA ikawa ya mita moja na nusu, kebo ya pili ya kuunganishia ikanunuliwa kwa shilingi elfu chache na monita ikaingia kwenye UPS pamoja na kompyuta. Fotokopi ilipewa soketi yake ukutani. Haiingii kwenye UPS ndogo, itaizidi nguvu. Waya wa ethi ulivutwa upya na fimbo mpya ikachimbiwa upande wa nyumba unaobaki na unyevu hata kiangazi.

Kwa haki ya fundi wa pili, niliifungua na ile monita ya kwanza iliyotupwa stoo. Kapasita mbili, vile vikopo vidogo vinavyotunza akiba ya umeme, upande wa pawa saplai zilikuwa zimevimba vichwa. Kapasita zikichoka hivyo monita haina akiba ya kuvuka hata pengo dogo, kwa hiyo ni kweli ilikuwa imechoka, na ilikuwa inacheza kwa mitikisiko ambayo ya pili iliivumilia. Nilizibadilisha kwa nyingine zenye voti na ujazo ule ule, inafanya kazi. Anayetaka kujaribu mwenyewe ajue kwamba kapasita kubwa ya upande wa umeme hukaa na karibu voti 325, na hubaki nazo hata plagi ikishachomolewa.

Dhoruba zimekuja tena tangu hapo. Mwako ukipiga mbali na voti za mtaa zikiporomoka, UPS inalia mara moja na skrini haibadiliki. Radi zikiwa juu ya paa mama anazima na kuchomoa kila kitu, pamoja na kebo ya antena ya televisheni ya dukani, kwa sababu hakuna UPS wala ekstensheni inayohimili radi inayopiga nguzo ya jirani. Kilichobaki ni betri ya UPS. Betri hizi hudumu miaka mitatu hivi, kwenye joto pungufu ya hapo, na ikichoka malalamiko yatarudi kwa sura mpya: radi itapiga mbali, na safari hii kompyuta na skrini vitazima pamoja, barua ya mteja ikiwa haijahifadhiwa. Nimeandika mwezi wa kuibadilisha kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa UPS, na binti anajua namba hiyo inamaanisha nini.